Nani aliua majarida yetu ya hadithi na katuni? Mimi nasema si simu

#1 Msomaji wa Msamvu

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa stendi, safari ya saa tisa mbele yangu, nikatafuta kitu cha kusoma. Zamani pale palikuwa na meza sita za magazeti. Nimekuta moja, na juu yake magazeti ya siku na ya michezo tu. Nikamuuliza yule kijana kama ana jarida lolote, la hadithi au la katuni. Akaniangalia kama nimeulizia sahani za santuri.

Nikianza kulalamika naambiwa ni simu. Mimi nakataa. Majarida mengi niliyoyapenda yalikufa wakati kijijini kwetu ukitaka kupiga simu unapanda kichuguu. Hakukuwa na cha Facebook wala WhatsApp. Sasa simu iliyaua vipi kabla haijafika?

Nina deni langu pia. Mwaka 1995 nilikuwa darasa la sita. Baba mdogo alikuwa utingo wa basi, kila akirudi kutoka Dar ananiletea jarida. Kulikuwa na hadithi ya mpelelezi, wamemfungia kwenye ghala, mlangoni kuna mtu anamwaga mafuta ya taa. Chini imeandikwa "Itaendelea toleo lijalo". Toleo lijalo halikufika. Jina la jarida nimelisahau maana jalada lilikuwa limechanika, lakini lile ghala silisahau.

Haya, leteni maoni. Nani aliua?

#2 Kijana wa Juzi

Heshima mkuu, ila ni simu. Nimezaliwa 2001 na sijawahi kununua jarida. Usinihesabu kwenye wasiopenda kusoma lakini: juzi nimesoma hadithi sehemu 40 mfululizo hadi saa nane usiku, nimelala na simu usoni. Kwa nini nitoe hela ya nauli kununua kurasa 32 wakati bando la buku linanipa hadithi wiki nzima?

#3 Bint Pangani

Jamani uzi huu umenipeleka mbali. Sani! Likiingia nyumbani tunakaa watatu kwenye mkeka, kaka anashika upande wa kushoto, mimi wa kulia, mdogo wetu yuko katikati na haruhusiwi kufunua. Ndumilakuwili, Madenge, Kipepe, Chakubanga, Lodi Lofa. Nadhani lilianza miaka ya 70, maana mama alisema hata yeye alisoma akiwa msichana.

#4 Kiungani

Bint Pangani, nakusahihisha kwa mapenzi. Chakubanga alikuwa wa gazeti la Uhuru, mchoraji wake Christian Gregory, tangu miaka ya 60. Yawezekana mama alimsoma Chakubanga akiwa msichana. Sani lilikuja miaka ya 80, na jina lenyewe ni la waanzilishi wawili: Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Sa na Ni. Na tukilitaja Sani tusimsahau Philip Ndunguru, aliyechora sehemu kubwa ya mnachokikumbuka. Alifariki 1986, bado kijana kabisa.

Kwa mleta mada: majarida ya Kiswahili hayajaanza kufa leo. Msimulizi lilitoka 1888 hapa Unguja, likichapwa na wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani wenyewe. Kiongozi la Tanga lilianza 1904 wakati wa Mjerumani, vita ikalimaliza 1916. Mambo Leo lilianza 1923, likasomwa pwani hadi bara kwa miongo kadhaa, nalo likaondoka. Kila moja lilikuwa na muuaji wake. Ukitafuta muuaji mmoja wa yote hutampata.

#5 Bint Pangani

Ahsante #4, kweli kabisa, Chakubanga na Uhuru! Nimechanganya. Mama yuko hapa pembeni anacheka.

#6 Nyundo ya Mbeya

Mimi nimeuza magazeti na majarida kwenye stendi kuanzia 1998 hadi 2014. Nizungumze nilichokiona kwa macho.

Jarida moja mezani kwangu lilisomwa na watu kumi na tano, wakanunua wawili. Kuna mtu anakuja kila asubuhi, mikono nyuma, anasoma vichwa vya habari vyote, anaaga, anaondoka. Kuna wa kuazima: anakupa shilingi hamsini, anakaa kwenye benchi, anasoma hadithi, anarudisha. Tulikubali kwa sababu ile hamsini ilikuwa yako yote, haiendi kwa mwenye jarida. Nikiuza nakala nabaki na kidogo sana. Nikiazimisha mara nane napata zaidi, na jioni narudisha nakala nikisema haikuuzwa. Leo najua tulikuwa tunamkata mchapaji miguu, na sisi wauzaji tulikuwa wengi.

Halafu redio. Zilipoanza kusoma magazeti asubuhi hazikuishia kwenye vichwa vya habari, zilisoma habari nzima mpaka nukta. Mtu kashasikia yote akipiga mswaki, anunue ya nini? Mpaka 2017 serikali ikaagiza redio na televisheni zisome vichwa tu. Mimi wakati huo nilishauza meza.

Kwa hiyo mleta mada uko sahihi nusu. Si simu. Ni redio, na ni sisi.

#7 Kijana wa Juzi

Nyundo, redio zilisoma magazeti ya habari. Nani alisoma katuni redioni?

#8 Nyundo ya Mbeya

Dogo, sikiliza. Mteja hakuja stendi kwa ajili ya katuni. Alikuja kwa gazeti, akiwa pale jicho likaangukia katuni, akaongeza hela. Alipoacha kuja kwa gazeti, katuni ilibaki bila wa kuiona.

#9 Fundi Pleti

Nimesoma yote na sijaona aliyegusa mashine. Nimefanya kazi ya uchapaji miaka 22, naomba niwape hesabu ilivyo.

Kabla nakala ya kwanza haijatoka, lazima utengeneze pleti, yaani bamba la metali lenye sura ya ukurasa. Ukurasa wa rangi unataka pleti nne: bluu, nyekundu, njano, nyeusi. Kisha fundi anaweka mashine sawa, na wakati anaiweka sawa anaharibu karatasi nyingi kabla rangi hazijakaa mahali pake. Gharama hiyo haibadiliki ukichapa nakala 500 au 10,000. Karatasi kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 16, ndiyo sababu majarida mengi mliyoyasoma yalikuwa ya kurasa 16, 32 au 48. Hayakupangwa hivyo kwa bahati.

Sasa mauzo yakishuka kutoka 10,000 hadi 6,000, kila nakala inabeba mzigo mkubwa zaidi wa pleti. Mwenye jarida anapandisha bei. Wasomaji wanapungua tena. Anapunguza rangi, kurasa za ndani zinakuwa nyeusi na nyeupe. Wanapungua tena. Halafu anaacha kulipa wachoraji kwa wakati. Nimeona hili kwa wateja wetu zaidi ya watano, na hatua ni zilezile, zikifuatana vilevile. Mwisho anakuja kuchapa kwa mkopo, anashindwa, pleti za toleo linalofuata zinabaki kwetu ukutani mpaka tunaziuza kama chuma chakavu.

Na karatasi tunaagiza nje kwa dola. Shilingi ikiteleza, bei ya karatasi inapanda usiku mmoja, wakati bei ya jarida huwezi kuibadilisha kila wiki. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kilijengwa kwa matumaini makubwa ya kutulisha karatasi. Leo kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za mifuko.

Msomaji wa Msamvu, toleo lako yawezekana lilifika hadi kwenye pleti. Nasema yawezekana.

#10 Msomaji wa Msamvu

Fundi, hiyo sentensi ya mwisho imenikosesha usingizi.

#11 Jirani wa Webuye

Hamjambo. Huku Kenya naunga mkono aliyosema Fundi. Nimekulia Webuye. Kiwanda cha Pan Paper kilipokuwa kikifanya kazi, mji mzima ulinuka, nguo kwenye kamba zilinuka, lakini karatasi ilikuwa ya hapa. Mwanzo wa 2009 kikafungwa. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliotumwa nyumbani. Tangu hapo ukishika gazeti unashika karatasi iliyovuka bahari.

Ila nina ushahidi unaomsaidia mleta mada. Jarida la Joe, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilianza 1973, kabla ya mwisho wa muongo huo halipo. The Weekly Review la Ng'weno huyohuyo lilianza 1975 na kufungwa 1999. Mwaka 1999 nani kijijini alikuwa na simu ya mkononi? Na upande wa pili, Parents lilianza 1986 na liliendelea kutoka miaka mingi baada ya simu kuenea. Kama simu ndiyo sumu, mbona lilikunywa na halikufa mara moja?

#12 Mama Kurasa

Salaam kwenu nyote. Nimefundisha Kiswahili sekondari na sasa nimestaafu. Nitasema jambo ambalo halitawapendeza: majarida yalijiua.

Mwanzoni ungeweza kumpa mtoto jarida la hadithi ajifunze Kiswahili. Nilikuwa nakata kurasa nazibandika ukutani darasani. Hadithi zilikuwa na methali, na lugha yake ilikuwa na afya. Kuelekea miaka ya 2000 jalada likawa picha ya mtu nusu uchi na kichwa cha habari kuhusu fumanizi. Baba anaficha chini ya godoro. Likishafichwa chini ya godoro, familia haisomi tena pamoja, na Bint Pangani na ndugu zake hawakai tena watatu kwenye mkeka. Hapo jarida limepoteza nyumba nzima kwa ajili ya msomaji mmoja.

Mfano wa upande mwingine: Femina, lililoanza 1999 na baadaye kuitwa Fema. Lilikuwa linaletwa shuleni bure. Lilizungumza na vijana mambo mazito ya afya ya uzazi na UKIMWI bila matusi, na wanafunzi wangu waligombania nakala mpaka zinalegea. Kwa hiyo msiniambie watoto hawasomi.

#13 Sumaku

Mama Kurasa shikamoo. Naomba kutofautiana. Magazeti ya udaku ndiyo yaliyobeba hadithi za mfululizo kwa miaka mingi. Mimi nilisoma hadithi za Shigongo humo, Ijumaa na Uwazi, nikiwa naruka kurasa za fumanizi. Bila udaku hizo hadithi zingechapwa na nani?

#14 Mama Kurasa

Marahaba Sumaku. Uliruka kweli kurasa za fumanizi, au ulizisoma mwisho?

#15 Sumaku

Mwalimu, tuendelee na mada.

#16 Mwandishi wa Usiku

Nimekaa pembeni nasoma, sasa naingia kwa sababu Kijana wa Juzi huenda alikuwa anasoma hadithi yangu.

Naandika hadithi mtandaoni tangu 2015. Kila siku saa tatu usiku natuma sehemu moja kwenye kundi la WhatsApp. Sehemu kumi za kwanza bure, baada ya hapo anayetaka kuendelea anatuma buku kwa simu naye anaingizwa kundi la malipo. Wasomaji wanaita ile hali ya kusubiri "arosto". Nikichelewa dakika kumi wananipigia, kuna dada mmoja aliwahi kunipigia akiwa wodi ya wazazi. Sijawahi kuchapwa kwenye karatasi hata mara moja, na sijui ofisi ya jarida lolote ilipo. Mimi nikingoja mhariri anikubali ningekuwa bado nangoja.

Lakini msidhani huku ni peponi. Sehemu niliyoituma saa tatu, saa tatu na nusu iko kwenye makundi mengine bila jina langu. Nilishakuta hadithi yangu nzima kwenye PDF, mtu anaiuza kwa nusu bei, mhusika kambadilisha jina. Nyundo alisema nakala moja ilisomwa na watu kumi na tano. Yangu inasomwa na maelfu na wanaonilipa hawafiki mia mbili. Tatizo ni lilelile la benchi la stendi, limekua tu.

Na kuna jambo linaniuma zaidi ya hela. Kuandika kwa sehemu fupi za kila usiku kumenibadilisha. Lazima kila sehemu iishe na mtu anagonga mlango au bastola imeelekezwa kichwani. Siwezi tena kuandika ukurasa ambao mtu anakaa tu chini ya mti na kuwaza. Nikijaribu, wanasema "mwandishi leo umetubania".

#17 Kijana wa Juzi

Ni wewe wa saa tatu?! Kaka ile ya juzi umeiacha pabaya sana. Na hela nimetuma, mimi si wa PDF.

#18 Kiungani

Mwandishi wa Usiku, ulivyoeleza ndivyo majarida yalivyofanya pia. "Itaendelea toleo lijalo" iliyomuumiza mleta mada ni arosto ya mwezi mzima. Tofauti ni kwamba kati ya toleo na toleo ulikuwa na siku thelathini za kujitungia mwendelezo mwenyewe. Sisi tulikuwa tunagombana barazani nani kaua, kila mtu na ushahidi wake. Nadhani kilichopotea ni hizo siku thelathini, karatasi si kitu.

#19 Mkulima wa Kahama

Mmesahau sheria. Kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 gazeti linahitaji leseni na kuihuisha kila mwaka. Mtu wa jarida dogo la mkoani, mwenye mashine moja ya kuchapa barua na mke wake ndiye mhasibu, ataanzia wapi? Mkasema basi tuhamie mtandaoni. Kanuni za 2018 zikaja, mwenye blogu naye atafute leseni, ada zake zote mwaka wa kwanza zikafika shilingi 2,100,000. Nilikuwa na blogu ya kilimo, nimeifunga wiki hiyohiyo. Baadaye kanuni zimebadilishwa, lakini wasomaji wangu walishatawanyika.

#20 Jirani wa Webuye

Pole sana ndugu. Huku kwetu ni matangazo. Jarida haliishi kwa bei ya mezani, linaishi kwa sabuni na mafuta ya nywele. Kampuni ya sabuni ikipata msichana mwenye wafuasi laki tatu mtandaoni, itachukua ukurasa wa jarida kwa sababu gani? Hapa ndipo nakubali simu ina mkono. Haikumchukua msomaji kwanza, ilimchukua mwenye tangazo.

#21 Bint Pangani

Na kurasa za marafiki wa kalamu je? Picha ndogo ya pasipoti, jina, umri, S.L.P., "napenda kuandikiana na wa jinsia zote, kubadilishana picha, kusikiliza muziki na kusoma Biblia". Niliandikiana na msichana wa Bukoba miaka minne. Barua zake zilikuwa na harufu ya poda. Hatujaonana hata siku moja na simjui sura ya utu uzima, lakini nikisikia Bukoba mpaka leo moyo unashtuka.

#22 Malenga Mstaafu

Kurasa za mashairi ndizo zangu. Shaaban Robert alichapisha mashairi Mambo Leo, na humo watu wengine wakajibizana kwa mashairi, huyu Tanga, yule Tabora, hoja kwa hoja, vina kwa vina, miezi mitatu kusubiri jibu. Taifa Leo la Kenya limeendeleza ukurasa wa mashairi mpaka enzi zetu. Leo niko kwenye kundi la malenga la WhatsApp, watu 200. Natuma shairi la beti nane, dakika mbili baadaye nina vidole gumba thelathini. Hakuna aliyelisoma hata beti la tatu. Nataka mtu mmoja anipinge kwa shairi! Mmoja tu.

#23 Sumaku

Mzee tupia hapa, nitakupinga mimi. Vina vikinishinda Mama Kurasa atanisahihisha.

#24 Mpita Njia wa Kigoma

Wanaosema bei na karatasi, tazameni Amkeni!, jarida la Mashahidi wa Yehova. Halina tangazo hata moja, linatolewa bure na limetafsiriwa kwa lugha nyingi mno. Nakumbuka likigawiwa mlangoni mara kwa mara. Siku hizi ni toleo moja kwa mwaka, mengine yako kwenye tovuti yao. Kama hata lisilouzwa limehamia kwenye skrini, basi hesabu ya Fundi Pleti haielezi yote. Na huko Marekani Newsweek lilisimamisha karatasi mwisho wa 2012. Wana karatasi, wana barabara, wana wanunuzi.

#25 Fundi Pleti

Mpita Njia, malizia hadithi. Newsweek lilirudi kwenye karatasi 2014, nakala chache kwa bei kubwa. Ndiyo njia iliyobaki kwa wenye hela: jarida linakuwa kitu cha kuweka mezani sebuleni. Sisi tulitaka la kufungua kwenye basi, kisha kumwachia aliyekaa jirani. Hilo la bei rahisi ndilo lisilowezekana.

#26 Mama Kurasa

Kabla hatujaachana, kuna jambo la haraka kuliko nani aliua. Nani anatunza maiti? Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi ina kiasi chake, na kitengo cha East Africana cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina. Lakini majarida ya katuni na hadithi wengi waliyaona takataka, hawakupeleka nakala. Yaliishia kufungia maandazi. Mwenye nazo nyumbani asizitupe tafadhali. Mchwa hawangoji.

#27 Nyundo ya Mbeya

Mwalimu, mimi nina boksi. Nilipouza meza, nakala ambazo hazikurudi nilizihifadhi juu ya dari. Ngoja nipande Jumamosi.

#28 Msomaji wa Msamvu

Nyundo! Ya miaka gani?

#29 Nyundo ya Mbeya

Nyingi ni kuanzia 1998. Ila kuna fungu niliuziwa na mzee aliyekuwa na meza kabla yangu, hayo ni ya zamani zaidi.

#30 Mwandishi wa Usiku

Mleta mada, likikosekana nitakuandikia mwisho wake mimi. Bure, na sitakubania.

#31 Msomaji wa Msamvu

Ahsante sana kaka, kwa moyo wote. Ila naomba nimalize lile lile. Miaka yote hii nimeshamtoa yule mpelelezi ghalani kwa njia zangu kumi na zaidi. Nataka kujua yeye mwenyewe aliyeandika alimtoaje.

#32 Nyundo ya Mbeya

Nimepanda darini. Panya wamekula pembe za boksi na fungu la juu limelowa, lakini la chini ni zima. Majalada mengi yametoka. Msomaji wa Msamvu, lile ghala lilikuwa la pamba au la katani? Nina moja hapa, mtu amefungiwa kwenye ghala la katani Korogwe, ukurasa wa 11, inaanza "Moshi ulipoanza kupita chini ya mlango".

#33 Msomaji wa Msamvu

La katani. Mkuu piga picha ukurasa wa 11 na unaofuata. Usikunje karatasi, iweke chini juani.